Fildi wiki ya tatu sijagusa hata koleo, nifanyeje?

dogo_wa_sivo: Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili uhandisi wa ujenzi, fildi yetu (mafunzo kazini) ni wiki nane na hii ya tatu inaisha, kazi yangu ni kutoa kopi, kuwafuatia mabosi chapati na kujaza tarehe kwenye logibuku. Saiti iko nyuma ya ofisi, mashine ya zege naisikia inavyozunguka, ila mhandisi kila nikimfuata "subiri dogo nitakuita". Supavaiza wa chuo anakuja wiki ya sita, nitamuonyesha nini, chapati?

saidia_fundi: Utazeeka hapo kwenye kopi. Kesho saa kumi na mbili vaa buti, achana na mhandisi, nenda kwa fundi mkuu mwamkie, muulize leo tunamwaga wapi kisha kamata koleo. Mimi siku ya tatu tu fundi akanipa koni nipime slampu, yaani ulaini wa zege. Darasani nilishakariri, tabaka tatu, kila moja unashindilia mara 25 na fimbo ya chuma, unanyanyua koni taratibu halafu unapima zege limeshuka kiasi gani. Nanyanyua hivi, lote chini kama uji wa mgonjwa, vijana wakacheka mpaka basi. Fundi hakucheka, akauliza nani kaongeza maji? Kumbe jamaa wa toroli alikuwa anapiga ndoo moja ya ziada ili zege liwe laini, asichoke kulichota. Kwamba maji mengi yanaua nguvu ya zege nilikuwa nalijua toka semesta ya kwanza, ila habari ya jamaa wa toroli hakuna lekchara aliyewahi kunipa.

binti_wa_nondo: Kwako ilikuwa rahisi kaka. Mimi nikishika koleo naambiwa "dada kaa kivulini utaungua jua". Nikang'ang'ania kuhesabu nondo na kupima nafasi kati ya ringi, vile vyuma vya kufungia nondo, mpaka wakazoea. Na logibuku jaza jioni ileile, chora na michoro, ukiiacha mpaka ijumaa unatunga.

mzee_kijana: Sisi baada ya Azimio la Musoma 1974 kutoka kidato cha sita huendi chuo moja kwa moja, unapita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), unafanya kazi kama miaka miwili hivi, ndio unaomba na mwajiri akupendekeze. Tulinung'unika sana. Ila tulifika chuo kazi tunaijua, mwalimu akidanganya kitu darasani tulikuwa tunaguna.

dogo_wa_sivo: Shikamoo mzee 😂 Nimeenda leo. Nimebeba kokoto mpaka mgongo unawaka, kesho wanamwaga slabu fundi kasema niwahi. Chapati sijui atafuata nani.