Vikram Seth na riwaya ya mashairi: mizani zinahesabiwaje, na inatungika kwa Kiswahili?

Mghani
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaomjua Vikram Seth wa India. The Golden Gate inaitwa riwaya, lakini kila ukurasa ni mashairi. Je, ni kama utenzi wetu au ni bahari (aina ya shairi) nyingine kabisa? Inaandikika kwa Kiswahili? Na msomaji mgeni aanze na kitabu kipi?

Kipande cha Nane
Ni bahari nyingine, ndugu. Ubeti wa utenzi una vipande 4 vya mizani (silabi) 8. Vitatu vya kwanza vinashirikiana kina, cha nne kinabeba kina kimoja hadi mwisho wa utenzi. Seth alichukua ubeti wa Pushkin, mshairi wa Urusi, ule wa riwaya yake ya mashairi Eugene Onegin, baada ya kuusoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Charles Johnston. Seth alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakati huo, akisomea uzamivu wa uchumi ambao hakuumaliza. The Golden Gate ilitoka 1986: beti 590 za mishororo 14, kuhusu vijana wa San Francisco. Hata shukrani, yaliyomo na maelezo ya mwandishi vimo ndani ya bahari hiyohiyo.

Vina vyake ni abab ccdd effe gg (mishororo yenye herufi moja inashirikiana kina), kwa hiyo unahitaji vina 7 tofauti kila ubeti. Mishororo ya 1, 3, 5, 6, 9 na 12 ina mizani 9, iliyobaki 8. Jumla 118. Miwili ya mwisho ndiyo migumu kuliko yote: hufunga wazo au kulipindua ghafla, na mtungaji aliyefika hapo akiwa hana la kusema huonekana mara moja.

Mghani
Shukrani mkuu. Kwa hiyo nikihesabu 9 na 8 na kupanga vina, nimemaliza?

Mwana wa Tungo
Bado. Kiingereza hakihesabu mizani peke yake, kinahesabu mkazo: silabi dhaifu, kisha yenye mkazo, mara nne kwa mshororo. Ile mizani ya 9 ni silabi dhaifu ya ziada mwishoni. Ndiyo maana mishororo ya 8 huishia kwa maneno kama "night" na "light", na ya 9 kwa "mother" na "other".

Kiswahili kinagoma hapo. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi karibu kila mshororo utaishia na silabi dhaifu na tofauti ya aina mbili za vina inapotea. Tazama:

Nimekwambia ya moyo,
nawe ukaenda nayo.

Mizani 8 kwa 8, kina "yo", kwetu ni halali. Kwa sikio la Seth hicho si kina, kwa kuwa "mo" na "na", zenye mkazo, hazifanani. Ninachokipendekeza: mishororo ya mizani 9 ioane kwa silabi mbili (moyo, choyo), ya mizani 8 ioane kwa moja. Sikio litasikia tofauti.

Mitego ni miwili. Vitenzi vyetu vingi huishia "a". Ukimalizia kila mshororo kwa kitenzi, vina 7 vitasikika kama kimoja. Malizia kwa nomino na vielezi. Wa pili ni urefu wa maneno. Mizani 8 za Kiingereza hubeba maneno 6 au 7, zetu hubeba 3. Kwa hiyo anayetaka kutafsiri ubeti mmoja wa Seth ajiandae kupunguza picha au kutumia beti mbili. Akibana yote ndani ya mmoja atakata viambishi na kuharibu lugha. Ni heri kutunga upya.

Jalada Gumu
Nijibu la wapi pa kuanzia. Usianze na A Suitable Boy (1993), hata kama ndiyo maarufu. Ina kurasa 1,349 katika toleo la kwanza, na familia nne: Mehra, Kapoor, Chatterji na Khan. Wanaoishia njiani mara nyingi hukwama kwenye mijadala ya bunge kuhusu kufuta umiliki wa wazamindari, wenye mashamba makubwa, kwa sababu hawaoni inahusianaje na Lata anayetafutiwa mume. Inahusiana: sheria hiyo ndiyo inayotikisa nyumba za watu haohao. Ukiifikia, weka alama kwenye nasaba za familia mwanzoni, na usome yaliyomo kwa makini. Sehemu ni 19, na kila moja imepewa mistari miwili yenye vina inayodokeza yatakayotokea.

Kwa mpenda vina, anza na Beastly Tales: hadithi 10 za wanyama, kutoka India, China, Ugiriki, Ukraine na nchi ya kubuni. Vina vya pachapacha (mishororo miwili miwili), unamaliza kwa jioni moja. Kisha The Golden Gate, ubeti kwa ubeti na kwa sauti.

An Equal Music (1999) ni nathari, juu ya mpiga fidla wa London, lakini usiruke ukurasa wa kutabaruku. Ni soneti, shairi la mishororo 14; soma herufi ya kwanza ya kila mshororo kushuka chini, utapata jina Philippe Honoré, mpiga fidla. Herufi ni 14, sawa na mishororo.