Naomba ushauri: mbwa wangu ananguruma nikisogelea chakula chake

Mleta uzi: Salamu, wanajamvi. Mbwa wangu ni mpole kutwa nzima, lakini bakuli likiwekwa chini hukaza shingo, hula kwa pupa huku akinitazama kwa pembe ya jicho, na nikisogea hunguruma. Tukila sisi, hudoea mezani. Nimfundisheje adabu?

Mama Pacha: La mezani nalijua. Asipewe hata tonge, na watu wote wa nyumbani wakubaliane, kwa sababu anayepewa leo na kunyimwa kesho huzidi kung'ang'ania. Wangu aliwahi kuiba keki yenye zabibu kavu, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo, maana zabibu huweza kuharibu figo za mbwa. Vitunguu na chokoleti navyo ni sumu kwake.

Mzee Subira: Mfugo ni amana. Mwacheni ale kwa amani.

Mfugaji: Mleta uzi, akinguruma wewe hufanya nini? Je, amewahi kumng'ata mtu?

Mleta uzi: Humpiga kofi na kumnyang'anya bakuli, ili ajue mwenye nyumba ni nani. Jana alimng'ata mwanangu aliyekuwa akiokota kipande cha nyama kando ya bakuli, ila ni mchubuko tu. Nimeshaelewana na jamaa atakayemchukua huyu mbwa, kwa hiyo hilo tusilijadili.

Mfugaji: Mchubuko wa meno si jambo dogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto hospitali leo hii, hata kama mbwa amechanjwa. Huyo jamaa naye ana haki ya kuelezwa. Kunguruma ni onyo. Ukilizima kwa kofi, siku nyingine atang'ata bila kunguruma.

Jicho Kali: Uzi huu una walakini. Mwanzo hapakuwa na mtoto, sasa yupo, na mbwa amekwisha kupata mwenyewe mwingine. Hadithi za namna hii hutungwa ili watu wachangie.

Mleta uzi: Sijatunga. Mtoto sikumtaja kwa sababu swali langu lilihusu mbwa.

Mama Pacha: Hata kama imetungwa, yupo msomaji mwenye mtoto na mbwa wa aina hiyo. Mfugaji, tueleze njia.

Mfugaji: Mtoto asiwepo kabisa mbwa anapokula. Mtu mzima apite mbali, arushe kinono kuliko kilichomo bakulini, kisha aondoke. Mbwa akizoea, ukamwona amelegeza mwili na anainua kichwa kwa matumaini, ndipo usogee hatua moja.

Mleta uzi: Tunaelekea hospitali, na jamaa nimemweleza. Hicho kinono kirushwe kabla hajanguruma au baada?

Mfugaji: Kabla. Akinguruma, ujue umekwisha kukaribia mno. Rudi nyuma hadi pale anapokula bila kukaza shingo, uanzie hapo.