Kamba kwa watu sita: niwapikeje, na mvinyo mwekundu unafaa?

Mgeni_wa_Jiko: Wakuu, habari zenu. Jumamosi nina wageni watano, na kwa kimbelembele changu nimeshawaahidi kamba. Ninao kilo moja na nusu, wakubwa, wamegandishwa na maganda yao. Nataka kuwakaanga kwa siagi, kitunguu saumu na pilipili kiasi, wawe ndio mlo wenyewe. Mara ya mwisho niliwaacha motoni dakika kumi nikihofia ubichi, tukaishia kutafuna mpira. La pili: nimezawadiwa chupa ya mvinyo mwekundu, ule mzito unaokausha ulimi. Niufungue siku hiyo? Mgeni mmoja hagusi kilevi.

SufuriaNyeusi: Dakika kumi! Hapo uliwaua mara ya pili. Kamba mkubwa anataka dakika mbili upande wa kwanza, moja na nusu upande wa pili, basi. Mtazame anavyojikunja: akiwa kama herufi C ameiva, akijifunga kama O umechelewa. Wahamishie kwenye friji tangu Ijumaa usiku wayeyuke taratibu. Kisha wamenye, toa ule uzi mweusi wa mgongoni, uwakaushe kwa kitambaa mpaka wasitoe maji, maana kamba mwenye maji hakaangiki, anachemka tu. Usiwarundike, kaanga kwa mafungu. Saumu iingie mwishoni, ikiungua inakuwa chungu.

Chupa_ya_Pili: Huo mwekundu uwekee siku ya nyama. Tanini zake, yaani vile vitu vinavyokausha ulimi, zikikutana na kamba mdomo unabaki na ladha ya chuma, na madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo wenyewe huamsha shombo. Kwa siagi na saumu chukua mweupe usio na utamu: Albariño wa Galicia kule Hispania, Muscadet wa Ufaransa, au Sauvignon Blanc. Uchachu wake unakata mafuta kama limau. Ila hebu niambie, hiyo pilipili "kiasi" ni kiasi gani?

Mgeni_wa_Jiko: Tatu. Na mbegu zake.

Chupa_ya_Pili: Hicho si kiasi, mkuu. Kilevi huchochea moto wa pilipili, kwa hiyo hamia kwenye Riesling, mvinyo mweupe wa Ujerumani, yenye utamu kidogo na kilevi cha asilimia 8 au 9. Ipoe hadi nyuzi 8 hivi.

MamaRojo: Msimtishe sana na mwekundu. Angepika kwa rojo la nyanya, Pinot Noir nyepesi iliyopoa ingekaa vizuri tu. Lakini huo mzito, hapana. Kuhusu mgeni asiyekunywa: usimimine mvinyo kikaangoni ukidhani utaruka wote. Hata baada ya kuchemka dakika 15, takriban asilimia 40 ya kilevi hubaki. Kaanga maganda kwa siagi, ongeza maji, chemsha dakika 20, chuja. Supu hiyo na limau inatosha kuwa rojo, na wote sita watakula sufuria moja.

Mgeni_wa_Jiko: Wadau, nimerudi. Herufi C imeniokoa, sahani zimerudi tupu, na chupa mbili za Riesling zimekwisha kabla ya kamba. Pilipili nilipunguza ikawa moja. Tatizo ni maganda: niliyatupa Jumamosi asubuhi, ujumbe wa MamaRojo nimeusoma jioni. Rojo ikawa maji ya limau na siagi.

MamaRojo: Yote ya kilo moja na nusu? Mwanangu!