Mhusika wa kitabu ambaye hadi leo hajakutoka moyoni: tupeane uzoefu

Rafu ya Juu:
Wakuu, salaam. Jana binti yangu wa kidato cha pili kaja na kazi ya nyumbani: taja mhusika unayempenda, toa sababu. Kaandika "ni mchapakazi na anafaa kuigwa na jamii." Ndivyo tulivyofundishwa na sisi. Lakini nani humu amewahi kumpenda mtu kwa kuwa anafaa kuigwa na jamii?

Wangu ni Mwajuma wa Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Yasmin kaozwa bado msichana mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa makamo ya kumzaa. Kamkimbia, ndugu zake wamemfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa Unguja mjini, hana mbele wala nyuma. Hamhoji amekosa nini. Mle ndani karibu kila mtu ana lake analolitaka kwa Yasmin: mume anataka mke, polisi wanamtaka mpenzi wake Denge kupitia kwake, Denge naye ana siasa zake. Mwajuma hataki kitu. Nilikisoma nikiwa sina kazi, nalala kwenye mkeka wa mtu aliyenipokea hivyohivyo, Magomeni.

Haya, semeni. Nani, na alikukuta wapi.

Shoga wa Ng'ambo:
Wallahi umenigusa. Filamu ilipotoka 2021 mie nilikwenda kumtazama Mwajuma kwanza, hao wengine baadaye.

Kikosi:
Willy Gamba. Nimemaliza.

Fundi Saa:
@Kikosi si umalize na sababu basi? Huyo jasusi wa Musiba hana hata jirani. Leo hoteli, kesho bastola, keshokutwa mrembo mpya. Ukitaka mpelelezi, Bwana Msa. Anavuta kiko chake, anasikiliza, anawaacha watu waseme mpaka wajifunge wenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale kimetoka 1960 na bado ukikianza usiku hulali.

Kikosi:
Bwana Msa anachunguza nani kamuua nani shambani. Willy alikuwa anapambana na Makaburu wakati nchi yetu imebeba wapigania uhuru wa nusu ya Afrika. Kaka yangu mkubwa alikuwa jeshini miaka hiyo, hakuwa akituambia lolote, hata barua zake zilikuwa salamu tupu. Nilipopata Kikosi cha Kisasi nikamwona Mtanzania mwenzangu yuko Kinshasa anafanya kazi ambayo kaka hawezi kuisema. Kwangu Willy alikuwa ni habari za kaka. Msimchezee.

Fundi Saa:
Hapo sawa. Hiyo ndiyo sababu. Ungeanza nayo.

Mkaazi wa Kitale:
Nawasalimu kutoka Kenya. Kongowea Mswahili wa Siku Njema ya Ken Walibora. Mama yake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anafariki, kijana anateseka, halafu anatoka Tanga kuvuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua, na safari inamleta huku kwetu Kitale. Mimi nimelelewa na nyanya, babangu nilikuwa namjua kwa picha moja ya kitambulisho. Darasani mwalimu alitaka tuandike insha kuhusu "umuhimu wa safari katika riwaya". Niliandika barua kwa baba. Mwalimu akaisoma, hakunipa alama, akaniita ofisini akanipa chai. Ken Walibora alipofariki Aprili 2020 nililia kama mtu aliyefiwa nyumbani, na mke wangu hakuelewa nalilia nini.

Msomaji Mtulivu:
Kweli kabisa.

Mkaazi wa Kitale:
Na Matuko Weye wa Kidagaa Kimemwozea msimsahau. Kichaa aliyemwambia Mtemi Nasaba Bora ukweli hadharani, wenye akili zao wamenyamaza.

Kalamu Nyekundu:
Naomba nitofautiane na mada yenyewe. Mhusika bora si anayependwa, ni anayekukera. Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad amenikera maisha yangu yote. Anamtumikia Fuad kwa moyo mmoja, Fuad anamlipa dharau, naye bado anamwona ni bwana wake wa haki. Nilitamani kuingia kitabuni nimtikise mabega. Halafu nikamwona mama yangu mdogo, dada wa kazi kwenye nyumba moja ya wakubwa, anavyosimama mwenye nyumba akipita.

Mama Mapacha:
Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeshindwa kupita. Wangu ni Rosa. Rosa Mistika.

Naomba mnivumilie, ni ndefu. Mimi ni mtoto wa Kanda ya Ziwa, baba alikuwa mtu wa heshima kanisani na wa kutisha nyumbani. Nikiwa darasa la saba kijana mmoja wa darasa letu aliniandikia kikaratasi, akakibandika ndani ya daftari la maarifa ya jamii. Hakukuwa na mapenzi mle. Aliomba nimwazime kitabu cha hisabati, mwisho akaandika "wako mpendwa" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kufunga barua ya kirafiki. Baba alikuwa na tabia ya kukagua madaftari siku ya Jumapili. Akakiona.

Alimwita mama, bibi na wadogo zangu wote, wakakaa kwenye mkeka. Akanisimamisha katikati nikisome kwa sauti. Nikisoma sentensi moja, fimbo. Nikikosea kwa kulia, narudia tangu mwanzo. Fimbo ilikuwa ya mpera, ile mibichi isiyovunjika. Nakumbuka mdogo wangu wa mwisho alidhani ni mchezo, akawa anarudia maneno nyuma yangu, "wako mpendwa, wako mpendwa," mpaka bibi akamziba mdomo. Mama aliangalia ukuta. Baba alipochoka alichukua madaftari yangu yote akayatia jikoni kwenye mafiga. Mtihani wa mwisho niliufanya kwa yale niliyokuwa nayo kichwani.

Nikafaulu, nikaenda sekondari ya bweni. Kule kulikuwa na nakala ya Rosa haina jalada, inasomwa chini ya shuka, maana walimu walikuwa hawataki kuiona. Usiku mmoja dada wa kidato cha tatu akawa anatusomea kwa tochi. Akafika pale Zakaria, baba yake Rosa, anapojua kwamba Rosa kaandikiwa barua na Charles, na kipigo kinachofuata. Wenzangu wakawa wanasema "jamani, jamani." Mimi nilishuka kitandani nikaenda kukaa kwenye sinki za kufulia. Nilikuwa najua kwa yakini kwamba duniani nipo peke yangu niliyepigwa kwa ajili ya barua. Kumbe kuna Kezilahabi, mtu wa kisiwani Ukerewe, kalitoa kitabuni mwaka 1971, mimi sijazaliwa.

Kitabu nilikimaliza peke yangu. Nilipoona Rosa anaishia wapi, niliogopa. Nikamwandikia shangazi nikamwambia likizo sitakwenda nyumbani, nitakuja kwako, tafadhali usiniulize. Hakuniuliza. Nimesoma mpaka nimemaliza nikitokea kwa shangazi. Mtu akiniambia Rosa ni mhusika tu wa kubuni, namwacha aseme.

Shoga wa Ng'ambo:
Pole mama. Pole sana. Nimesoma nimesimama jikoni, mchuzi umeungua.

Kikosi:
Dada, heshima yako.

Mizani:
Pole kwa yaliyokukuta, lakini tuseme ukweli kuhusu kitabu. Rosa alipofika Morogoro chuoni aliyajua anayoyafanya na wanaume. Si kila kitu tumsukumie Zakaria. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa sababu.

Kalamu Nyekundu:
@Mizani kitabu kilizuiwa, baadaye kikawekwa kwenye mtaala watoto wakakijibia mitihani. Mtoto aliyefungiwa ndani kama kuku, anafunguliwa siku moja mjini hajui hata kusema hapana, unamwambia alijua?

Mizani:
Wasichana wangapi wamelelewa kwa ukali na wametoka salama? Hata Mama Mapacha mwenyewe ametoka salama.

Mama Mapacha:
Nimetoka salama kwa sababu nilikuwa na shangazi. Rosa hakuwa naye. Soma tena.

Rafu ya Juu:
Tuheshimiane wakuu. @Mama Mapacha, mzee yupo?

Mama Mapacha:
Yupo. Macho yamekwisha kwa mtoto wa jicho na kisukari, haoni kusoma. Anaishi na kaka yangu. Nikienda anaomba wajukuu wamsomee gazeti, wanangu wanamsomea. Hajawahi kulisema lile na mimi sijawahi.

Fundi Saa:
Mpelekee Rosa Mistika. Mwambie wajukuu wamsomee hiyo, aisikie mwanzo mpaka mwisho.

Shoga wa Ng'ambo:
Usithubutu! Watoto wako ndio waibebe aibu ya babu yao? Haya ni ya wakubwa.

Mkaazi wa Kitale:
Mimi nilimpata babangu kaburini. Kama wako bado anasikia, nenda mkaongee. Bila kitabu.

Kalamu Nyekundu:
Au usiende kabisa. Hakuna sheria inayosema kila jeraha lifunguliwe.

Kikosi:
Mpe Willy Gamba, atasahau shida zote mpaka aombe ya pili.

Mwanafunzi wa Zamani:
Nimechelewa. Zita na Peter wa Watoto wa Mama Ntilie. Wamefukuzwa shule kwa ada na sare, mama anauza chakula, baba Lomolomo analewa. Na mimi niliwahi kurudishwa nyumbani na ankara ya ada mkononi, mama akanikabidhi beseni la vitumbua nikauze. Nikapita nje ya uzio wa shule hiyohiyo. Nilipokisoma nilitaka kujua tu kama kuna atakayewarudisha shule. Nimemaliza, samahani kwa kukatiza.

Msomaji Mtulivu:
Hujakatiza. Endelea.

Mama Mapacha:
Nimesoma ushauri wote, asanteni, hata wa @Mizani. Rosa sitampelekea, Rosa ni wangu. Lakini Krismasi nikienda nitamsomea mwenyewe, sitawaachia watoto. Mzee anapenda kesi, redioni hakosi habari za mahakamani. Nadhani nitaanza na Bwana Msa.

Fundi Saa:
Anza na Kisima cha Giningi!

Rafu ya Juu:
Hapana, anza na Mzimu wa Watu wa Kale, ndipo anapoanza Bwana Msa mwenyewe na rafiki yake Najum. Kisima kije cha pili.

Fundi Saa:
Mtu hajawahi kumsoma, mzee haoni, ana likizo ya Krismasi tu. Mpe kilicho kitamu zaidi kwanza!

Mama Mapacha:
Nani ana nakala ya Kisima iliyo kamili? Yangu imekatika kurasa za mwisho. Nipo Mwanza, nauli ya kifurushi nalipa mimi.