Rafiki aliyenitoa shimoni anataka nisaini uongo, nikikataa ndo nimemsaliti?

Mtunza Stoo:

Wakuu habari za wakati huu, naombeni mnivumilie bandiko ni refu kidogo, wiki ya pili hii usingizi hauji vizuri.

Nina rafiki yangu tumetoka naye mbali, yule wa kufa na kuzikana. Mama alipolazwa mi sina kitu mfukoni yeye ndo alikesha na mimi kwenye benchi la hospitali siku tatu, ndugu wa damu walikuwa wanapiga simu kuuliza "anaendeleaje" alafu kimya. Hii kazi niliyonayo pia yeye ndo alinishika mkono akanipeleka kwa bosi akaniombea. Kwahiyo mkiona nalalamika msidhani sina shukrani.

Sasa mimi niko stoo, ndo nashika kitabu cha mafuta ya magari. Yeye ni dereva wa gari kubwa. Miezi minne hivi iliyopita alikuja na fomu imeandikwa lita 60 wakati nimesimama palepale naiona pampu imegota 40. Akanipa kalamu yake mwenyewe, akanikonyeza, "weka hapo mdogo wangu". Nikaweka, sikuuliza kitu. Wiki iliyofuata tena, na iliyofuata tena, saivi hata hanikonyezi, anaitupia karatasi mezani huku anaongea na simu yake na mimi nasaini naendelea na mambo yangu.

Juzi nimesikia wakaguzi wanakuja. Nikamgusia kaka hebu tupunguze basi, akacheka akasema "mimi na wewe ndugu bwana, ndugu hawahesabiani". Hilo neno ndo limenikaba koo. Maana lita zinahesabika, na saini ni yangu sio yake.

Swali: uaminifu kwa rafiki unaishia wapi? Msinitukane tafadhali, nahitaji mawazo ya watu wazima.

Kichwa Ngumu:

Mkuu mi nitakwambia kile ambacho wengi humu watajifanya hawakioni. Saini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kampuni haikukaa kwenye lile benchi na wewe. Mi nimefanya kazi sehemu moja miaka 11, sijawahi kuchelewa, sijawahi kuchukua hata peni, nikaumwa wiki sita narudi nakuta kiti changu kina mtu na chaja yangu ya simu bado imechomekwa ukutani pale pale, tena anaitumia yeye. Chaja yangu! Barua nilipewa na mlinzi getini. Na unajua nani alinitafutia kibarua kingine? Jamaa mmoja niliyekuwa namfunikia akichelewa asubuhi. Toka siku hiyo nimejua, uaminifu unampa mtu mwenye roho, jengo halina roho.

Binti Mwendapole:

Naunga mkono, uaminifu wa kweli hauna masharti. Angalieni yule mbwa wa Japani, Hachiko. Alikuwa anamsubiri bwana wake profesa pale stesheni ya Shibuya kila jioni, profesa akafariki ghafla kazini 1925, mbwa hakuelewa, akaendelea kwenda stesheni mpaka alipokufa naye 1935. Karibu miaka 10 anasubiri mtu asiyerudi. Walimjengea sanamu hata kabla hajafa. Sisi binadamu tunashindwa na mbwa kweli?

Mzee wa Pembeni:

Binti yangu, Hachiko hakuwahi kuombwa asaini kitabu cha mafuta. Ndo maana uaminifu wake ni msafi vile, kazi yake ilikuwa kukaa na kusubiri basi. Mbwa akimpenda jambazi atamlinda jambazi, hana kosa, hajui. Huyu kijana wetu anajua, ameiona pampu kwa macho yake.

Na wewe ukishaleta Japani ngoja nikuletee Mjapani mwingine. Kulikuwa na ofisa wa jeshi anaitwa Hiroo Onoda, alipelekwa kisiwa cha Lubang kule Ufilipino mwishoni mwa 1944 akaambiwa usijisalimishe na usijiue, endelea kupigana mpaka tukufuate. Vita ikaisha 1945. Yeye yuko porini. Wakadondosha vikaratasi vya kuwaambia vita imeisha, yeye na wenzake wakavisoma wakasema huu ni mtego wa adui. Wenzake wakapungua mmoja mmoja, mmoja akajisalimisha wengine wakauawa, yeye akabaki mpaka Machi 1974. Na hapo hakutoka mpaka alipotafutwa yule mkubwa wake wa zamani, ambaye miaka yote hiyo alishakuwa raia anauza zake vitabu, akasafirishwa mpaka kisiwani akamsomea amri kwamba kazi imekwisha. Ndipo akaweka bunduki chini. Miaka 29! Kwao alipokelewa kama shujaa, na ukimsikiliza mtu wa upande ule utasema kweli huyu ni mwaminifu hajapata kutokea. Lakini muulize mkulima wa Lubang. Katika miaka ile watu wa kisiwa waliuawa, mazao yakachomwa, kwa vita ambayo haipo. Familia za wale waliokufa zilihesabu uaminifu wake kwa makaburi.

Kiswahili chetu nacho kina jambo lake hapa. Mtu anayerudisha hela aliyookota tunamwita mwaminifu. Mtu asiyemtupa mwenzake kwenye shida naye tunamwita mwaminifu. Neno ni hilo hilo moja, limetoka kwenye kuamini, ndugu yake ni amana, kile kitu unachowekewa ukitunze. Wahenga hawakuona haja ya kuvitenganisha hivyo viwili. Alafu kuna neno lingine liko kivyake, utiifu, yaani umeambiwa umefanya. Onoda alikuwa mtiifu mpaka mwisho wa utiifu. Rafiki yako naye kijana anakuomba utiifu ila anauita uaminifu kwa sababu anajua ukisikia neno uaminifu utalainika.

Kichwa Ngumu:

Mzee umeongea vizuri ila unamfananisha dereva anayetafuta maisha na mwanajeshi mwenye bunduki. Lita 20 hizo mzee wangu, hajaua mtu.

Mama Wawili:

Kichwa Ngumu hebu kaa pembeni kidogo na chaja yako niongee mimi, maana mimi ndo nilikuwa upande wa pili wa huo uaminifu mnaousifia.

Mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine miaka miwili. Sawa, yanatokea, sikuja kulia hapa. Kilichoniua mimi ni kwamba walijua wote. Marafiki zake wanne wanaokuja kwangu kila wikiendi, wanakula, wanacheza na watoto, wananiita shemeji. Wote wanajua. Nikiangalia nyuma nakumbuka kuna mmoja kila nikiingia sebuleni na sahani alikuwa anainuka haraka kunipokea, nikawa nawaambia mashoga zangu huyu kijana ana adabu sana. Kumbe alikuwa na aibu. Siku mambo yalipopasuka nikamuuliza kwa nini hukuniambia hata kwa mafumbo, akanijibu "shemeji mimi ni mwaminifu kwa jamaa yangu". Akasema na machozi kabisa, anaamini kabisa kwamba alifanya jambo jema.

Mi nilimwambia hivi, ungekuwa rafiki yake ungemwambia YEYE aache. Sikutaka aje kumchongea kwangu, hapana. Nilitaka amkalishe mwenzake chini amwambie kaka unajiharibia. Miaka miwili hakuna hata mmoja aliyemwambia neno, wote wanne wamefunga midomo wakaiita hiyo heshima. Leo ndoa haipo na huyo mume wangu wa zamani ndo anawalaumu wao, eti mbona hamkunizuia. Fikiria hapo! Aliowaomba wanyamaze ndo anawalaumu kwa kunyamaza.

Kwahiyo mdogo wangu Mtunza Stoo, wewe unaogopa atakuchukia ukikataa. Subiri wakaguzi wamshike alafu usikie atakavyosema kuhusu wewe.

Nahodha Bila Meli:

Huyu mama amemaliza. Naongezea kidogo tu kwa sababu nimeona watu wanachanganya. Kuna mchumi mmoja Albert Hirschman alilieleza hili jambo 1970, yeye alikuwa anaongelea mashirika na vyama ila kwenye urafiki linaingia vilevile. Anasema kitu kikianza kuharibika mtu ana njia mbili, aondoke au apaze sauti. Uaminifu kazi yake ni kumchelewesha asikimbilie mlango, ili abaki apige kelele mpaka kitengenezwe. Asiyejali huwa hapigi kelele, anaondoka zake kimya kimya. Sasa mkuu wewe hujaondoka na hujasema, umekaa katikati na kalamu mkononi.

Alafu Kichwa Ngumu, kuhusu "lita 20 hazijaua mtu". Miaka ya 60 mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaweka watu wa kawaida mbele ya mashine, wakiambiwa wampige mwenzao shoti ya umeme kila akikosea jibu, shoti zilikuwa za uongo lakini wao hawakujua. Ilianza volti 15 tu, kitu cha kutekenya. Inapanda kidogo kidogo, 15, 30, 45. Katika wale 40 wa jaribio lake linalojulikana sana, 26 walifika volti 450. Wengi walitetemeka, walijing'ata midomo, walilalamika, na mkono ukaendelea kubonyeza. Hakuna aliyeambiwa aanzie 450, angegoma. Lita 20 ndo volti 15 yako mkuu. Ile siku aliyokukonyeza ndo ilikuwa siku rahisi kuliko zote ya kusema hapana, kila wiki inayopita bei ya hiyo hapana inapanda.

Kichwa Ngumu:

Sawa nimesikia, mnanishambulia wote lakini sijabadilika sana. Nakubali asiendelee kusaini. Ila akienda kumchongea kwa bosi mimi huyo nitamwita msaliti mchana kweupe, na nyie wote mnajua moyoni mtamwita hivyo hivyo. Yule aliyekaa na mama yake!

Mama Wawili:

Kwa hilo tuko pamoja kabisa. Aanze na mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Wale wakaguzi wakimuuliza baadae asiseme uongo, lakini asiwe wa kwanza kukimbilia ofisini.

Mzee wa Pembeni:

Na asiende na maneno ya kumhukumu. Aende na deni lake la shukrani analikiri kabisa, amwambie kaka ulichonifanyia sijasahau na sitasahau, na ndo maana nakuja kwako kwanza. Shukrani inalipwa, ila hulipi kwa mali ya mtu mwingine. Siku jamaa akipata shida yake, kesha na yeye kwenye benchi. Hapo ndo utakuwa umelipa.

Mtunza Stoo:

Wakuu nimesoma yote, asanteni, hata wewe Kichwa Ngumu asante, umeniongelea kile kilichokuwa kinaniambia nisaini.

Nimempigia jioni hii. Sikumweleza habari za Mjapani wala volti, nilijiandalia maneno kama alivyosema mzee ila nilipoisikia sauti yake yakapotea yote. Nikasema tu kaka, ile ya hospitali sijasahau, ila kile kitabu sisaini tena zaidi ya inayosoma pampu, kuanzia kesho. Akanyamaza. Nikaangalia simu nikidhani imekata, dakika zinahesabu. Alafu akauliza kitu kimoja tu: "Umeshamwambia mtu?" Nikasema hapana, wewe wa kwanza.

Akasema "poa", akakata.

Sasa hiyo poa ndo naizungusha kichwani toka saa moja. Kesho asubuhi saa mbili gari lake ndo la kwanza kwenye foleni ya mafuta.