Bafu la ghorofani kwenye nyumba ya mawe, Mji Mkongwe

Swali
Assalaam aleykum mafundi. Nyumba ni ya Mji Mkongwe, Zanzibar: ghorofa mbili, kuta za mawe na chokaa, sakafu za boriti. Tunataka bafu la pili juu, pamoja na tenki la lita 1,000 kwenye paa. Chini, kuta zilipigwa plasta ya saruji na rangi inabanduka mpaka usawa wa kiuno. Fundi anataka kumwaga zege la sentimita 10 juu ya boriti, kisha apige saruji upya chini. Tumwachie?

Jibu la 1
Waaleykum salaam. Zege hilo likataeni. Kila mita ya mraba itaongeza kama kilo 240, na boriti za mikoko tayari zimebeba kokoto na chokaa. Anzeni na ukaguzi: chomeni kwa bisibisi ncha zinazoingia ukutani. Boriti huozea humo, katikati ikionekana nzima. Iliyooza itolewe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo.

Bafu jipya likae juu ya lile la chini. Bomba la choo liwe la milimita 100, mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita, na lishuke nje ya ukuta ili likivuja lionekane. Kizuia maji cha sakafu kipandishwe ukutani angalau sentimita 15, na penye shawa kipandishwe mpaka juu ya bomba. Kabla ya vigae, zibeni tundu la maji, jazeni sentimita 2, acheni saa 24, halafu mkaangalie boriti kwa chini.

Jibu la 2
Kuhusu plasta: jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na ukuta wa chokaa huyatoa kwa kupumua. Saruji inaziba, maji yanapanda juu zaidi, chumvi inasukuma rangi. Mkipiga saruji upya, tatizo litahamia juu ya kiuno.

Ibandueni kwa nyundo na tindo, si kwa mashine, maana mtikisiko unalegeza mawe. Acheni ukuta ukauke. Wenye unene wa sentimita 50 unaweza kuchukua zaidi ya mwaka, kwa hiyo msiusubiri uishe kabisa, ila chumvi inayotoka ifagieni kavu, msiioshe. Kisha chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo 1 kwa mchanga safi 3, kila tabaka lisizidi milimita 10. Funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Ikikauka haraka inapasuka na kuwa unga. Malizieni kwa chokaa ya kupaka. Rangi ya plastiki inaziba vilevile.

Jibu la 3
Tenki likijaa ni tani nzima. Liwekeni juu ya mihimili inayotoka ukuta mkuu hadi ukuta mkuu, lisikalie boriti. Na kwa kuwa Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, pelekeni michoro Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mpate kibali kabla fundi hajagusa tindo. Tenki lionyesheni kwenye mchoro huohuo, kwa sababu linabadili sura ya paa.