Waandishi wa riwaya tunaojichapishia, tusaidianeje bila kudanganyana?

Kalamu ya Walukuba, Jinja

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mwaka juzi mimi na wenzangu watano, wote waandishi wa riwaya za Kiswahili tunaojichapishia wenyewe, tuliunda kundi la WhatsApp kwa makubaliano kwamba kila mmoja wetu akitoa kitabu, wengine watanunua nakala moja moja, watakitangaza kwa watu wao na kukiandikia uhakiki. Tulianza vizuri mno. Kitabu changu cha kwanza nilichapa nakala 150, na zaidi ya nusu ziliuzwa na wenzangu hao, mmoja akiwa Gulu na mwingine Busia, ambao walikuwa wakipokea vifurushi kwenye basi na kunitumia fedha kwa simu jioni ileile.

Matatizo yalianza mwenzetu mmoja, mtu ninayempenda na kumheshimu, alipotoa riwaya ambayo haikupitiwa na jicho lingine lolote. Katika sura iliyobeba msuko wote wa hadithi, kijiji kizima kinakesha kikisubiri uchaguzi, na kitabuni imeandikwa kwamba watu walipanga foleni tangu usiku wakingoja "siku ya kula". Sisi tuliokulia katika Kiganda tunajua kosa hilo linakotoka, kwa kuwa katika Kiganda r huandikwa baada ya e na i, na penginepo huandikwa l, hivyo sikio la mwandishi halikumwonya. Hata hivyo nilishindwa kukiandikia kitabu kile sifa nilizokuwa nimeahidi, na kwa kuwa sikutaka kumuumiza, nilikaa kimya. Alielewa kimya changu, na tangu hapo hasemi nami. Kundi nalo limebaki mahali pa kubandika majalada, kila mtu akitangaza chake na hakuna anayefungua cha mwenzake. Je, kuna waliofanikiwa kusaidiana kweli, na walifanyaje?

Msahihishaji, Kampala

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu makubaliano yenu yalikuwa mema, ila yaliwekwa mwisho wa kazi badala ya kuwekwa mwanzo. Ukweli unamfaa mwandishi wakati mswada ungali kwenye kompyuta. Kitabu kikishatoka kwa mchapaji, mwandishi anahitaji mtu wa kumbebea mzigo. Ninyi mliahidiana sifa kabla hamjasoma, na ahadi ya namna hiyo lazima imgeuke mtu mwaminifu.

Sisi tuko wanne, na kila baada ya wiki mbili mmoja wetu hutuma sura mbili tu. Hatumwambii kama ni nzuri au mbaya. Tunamwonyesha mahali tulipoacha kusoma tukaenda kufanya jambo jingine, na mahali tulipolazimika kurudi nyuma ili tuelewe nani anasema. Utaratibu huo niliuelewa kwa kuona mfano wa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake pale Kamwokya, ambacho kimekuwa na kawaida ya kukutanisha watu kila Jumatatu ili kazi zisomwe na kujadiliwa. Kazi zinazosomwa pale nyingi ni za Kiingereza, na hilo si jambo geni katika nchi yetu: hata mkutano mashuhuri wa waandishi uliofanyika Makerere mwezi wa Juni 1962 uliitishwa kwa ajili ya Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Sisi wa Kiswahili hapa Uganda tusipotafutana wenyewe, hakuna atakayetukusanya.

Nikuonye pia juu ya kubadilishana uhakiki. Kama baadhi yenu mnauza kupitia Amazon, jueni kwamba hairuhusu waandishi kupeana sifa kwa mapatano, na maoni ya namna hiyo yanaweza kuondolewa. Ama yule mwenzako asiyesema nawe, usimwandikie ujumbe. Mpigie simu.

Mama Riwaya, Isingiro

Mimi ni Mkongomani kutoka Bukavu, na ninaandikia hapa kambini Nakivale. Nataka kusema jambo moja juu ya sharti la kununua nakala moja moja. Ningelikuwa katika kundi lenu nisingeliweza kulitimiza, na ningelitoka kwa aibu bila kuwaeleza sababu. Kundi letu liliamua kwamba asiye na fedha alipe kwa kusoma, na mimi nimesoma miswada mitano ya wenzangu kwa makini ambayo hakuna noti ingeweza kuinunua.

Jambo la pili ni juu ya kusahihishana. Rafiki yangu wa Mbarara alipopitia mswada wangu alibadilisha kila "mayi" kuwa "maji", hata pale bibi mzee wa Kivu alipokuwa akimwita mjukuu wake ampelekee kikombe. Niliposoma sentensi hiyo sikumsikia tena yule bibi. Nilisikia mtu wa redio. Tulizungumza kwa muda mrefu, tena kwa heshima, tukakubaliana kwamba msimulizi aandike Kiswahili sanifu, na bibi aachiwe "mayi" yake. Kwa hiyo ndugu wa Jinja, utakapokaa na mwenzako, tenga kosa na lahaja. "Siku ya kula" ni kosa, lakini huenda kuna maneno mengine humo ambayo yeye ameyaweka kwa makusudi, nawe ukayahesabu kuwa uzembe.

Mteja wa Nasser Road

Wenzangu wamesema ya kusoma, mimi niseme ya kuchapa, kwa sababu hapo ndipo waandishi wengi tunapoteza fedha tukiwa peke yetu. Katika uchapaji wa ofseti, pleti, yaani bamba la kuchapia, hutengenezwa mara moja, uchape nakala 100 au 1,000, na ndiyo maana mwenye nakala chache hulipa ghali kwa kila kimoja. Mimi na mwandishi mwenzangu tulikwenda pamoja Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, vitabu vyote viwili vikiwa na ukubwa wa A5, karatasi ya ndani ileile na kadi ileile ya jalada, tukamwomba fundi ayapange majalada yetu mawili kwenye pleti moja, yachapwe na kupakwa nailoni kwa pamoja kisha yakatwe. Gharama ya majalada tuligawana nusu kwa nusu. Lazima lakini mkubaliane vipimo mapema, kwa maana unene wa mgongo hufuata idadi ya kurasa, na mmoja akiongeza sura dakika ya mwisho, jalada lake halitakaa sawa. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, kila mtu aiombe mwenyewe Maktaba ya Taifa.

Msomaji tu, Bombo

Samahanini, mimi si mwandishi. Ninawasoma hapa nikiona mnauziana wenyewe kwa wenyewe, na watu sita hawawezi kulisha vitabu vya watu sita. Hapa Bombo kuna wazee wanaosoma Kiswahili na hawajawahi kuletewa riwaya iliyoandikwa Uganda. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu ninaowafahamu wananiuliza hadithi za kuwasomea watoto watazipata wapi. Njooni na meza moja yenye vitabu vya wote. Mimi nikipenda cha mmoja, nitauliza cha jirani yake.

Kalamu ya Walukuba, Jinja

Ninawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nilimpigia simu jana usiku. Hakuniacha nimalize kuomba radhi, akaniambia kosa lile aliliona siku ya pili baada ya kupokea vitabu, na kwamba kilichomuumiza ni kuona nimeliona nisimwambie. Nakala 60 zilizobaki nyumbani kwake amekuwa akizifungua moja moja, anaikata ile l kwa kalamu nyeusi na kuandika r juu yake. Amefika ya 38. Jumamosi ninakwenda kwake na kalamu yangu, na ameniomba nichukue na sura mbili za mwanzo za mswada wangu mpya.